Upungufu na Nafasi ya Kazi: Matarajio ya Ajira ya Wanafunzi wa Ualimu wa Sayansi katika Vyuo Vikuu vya Tanzania

Tafiti za vyuo vikuu kuhusu uelewa wa wanafunzi juu ya kazi na matarajio yao ya ajira zina mtindo wake. Mtafiti hugawa dodoso. Huuliza kama mwanafunzi anazifahamu kazi zinazoendana na shahada yake, kama amewahi kupata ushauri wa kitaalamu kuhusu ajira, na kama anatarajia kuajiriwa mara baada ya kuhitimu. Majibu yakishajumlishwa, hitimisho huwa linajulikana kabla sura ya nne haijaandikwa: uelewa ni mdogo, matarajio ni makubwa, vyuo vianzishe vitengo vya ushauri wa ajira. Makala hii inalipinga hitimisho hilo kwa kundi moja mahususi, yaani wanafunzi wa shahada ya sayansi na ualimu katika vyuo vikuu vya Tanzania. Ninadai kwamba wanafunzi hawa wanazisoma vizuri ishara walizopewa, na kwamba kasoro imo ndani ya ishara zenyewe. Kwa zaidi ya miongo miwili kila mwenye kipaza sauti amewaambia kuwa nchi ina upungufu wa walimu wa sayansi. Nao wakahitimisha, kama ambavyo ningehitimisha mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, kwamba palipo na upungufu pana kazi.

Ikama, kibali na fungu la mishahara

Inafaa kueleza kwanza jinsi mwalimu wa serikali anavyopatikana, kwa kuwa hata wahadhiri wengi wa elimu hulipitia jambo hili juujuu. Kila shule ya sekondari ya serikali ina ikama, yaani idadi ya walimu inaopaswa kuwa nao kulingana na wanafunzi, mikondo na vipindi vya kila somo. Mkuu wa shule hulinganisha ikama na walimu alionao, na pengo linalobaki ndilo huitwa upungufu. Takwimu hiyo hupanda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, huenda TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mwisho hutua bungeni, ambako mbunge husimama katika kipindi cha maswali na kuuliza ni lini serikali itapeleka walimu wa fizikia jimboni kwake. Magazeti huandika. Kijana wa kidato cha sita anayesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, hulisikia redioni, na mzazi wake pia.

Nafasi ya kazi hupita njia nyingine kabisa. Halmashauri huandaa makadirio ya ikama na bajeti ya mishahara. Ofisi inayosimamia utumishi wa umma huyachambua. Hazina husema ni mishahara mipya kiasi gani inaweza kubebwa katika mwaka huo wa fedha. Kisha hutoka kibali cha ajira. Kibali ndicho kinachozaa tangazo. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na upungufu mkubwa na kibali kidogo kwa wakati mmoja, wala hakuna kinachogongana hapo. Upungufu huhesabiwa kwa vichwa vya wanafunzi waliomo darasani, kibali huhesabiwa kwa shilingi zilizomo kwenye fungu. Wanafunzi waliongezeka kwa kasi baada ya shule za kata kujengwa, na wakaongezeka tena baada ya ada ya sekondari ya chini kufutwa kuanzia 2016. Fungu la mishahara halikuweza kukimbia kwa mwendo huo, maana linagombewa pia na afya, maji, kilimo na kila idara yenye watumishi.

Tarakimu za matangazo zinaonyesha pengo lilivyo. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 9,800 za ualimu. Mwaka 2023 zikatangazwa 13,130. Katika mzunguko uliofuata, ambao ulifikia kwenye usaili wa mwanzoni mwa 2025, nafasi zilikuwa 14,648 na waombaji walizidi 200,000.

Mwanafunzi wa sayansi akionyeshwa tarakimu hiyo ya mwisho hashtuki sana. Atakuambia kwamba wengi wa waombaji ni wa masomo ya sanaa na wa shule za msingi, na kwamba yeye mwenye fizikia na hisabati ana foleni yake, tena fupi. Ana hoja. Ajira zilipofunguliwa kidogo mwaka 2017, baada ya kusimamishwa katikati ya 2016, walioitwa mwanzoni walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Matokeo ya kidato cha nne nayo yako upande wake: kwa miaka mingi ufaulu wa hisabati umekuwa ukielea kati ya mtahiniwa mmoja kwa kila watano na mmoja kwa kila wanne, na hakuna waziri anayeweza kusema hadharani kwamba walimu wa somo hilo wanatosha. Hata hivyo foleni fupi nayo ni foleni, na haifanani kwa masomo yote. Aliyesoma kemia na biolojia hupanga mstari mmoja na wenzake wengi. Aliyesoma fizikia na hisabati hupanga na wachache. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti kati ya sayansi na sanaa inayozungumzwa kila siku, na bado karibu vipeperushi vyote vya udahili huwaweka wote katika kapu moja la walimu wa sayansi wanaohitajika.

Desturi ya kupangiwa

Matarajio ya sasa hayakuanza jana. Nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahitimu wachache kiasi kwamba serikali iliweza kuwahesabu kwa majina. Utafiti wa mahitaji ya wataalamu uliofanywa na Robert Thomas na kutolewa 1965 ulikwenda sambamba na lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo 1980, na ufadhili wa masomo ulifungwa kwenye mahitaji hayo. Aliyesomeshwa kwa fedha za umma alijua atafanya kazi wapi. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, walichokuwa wakikigombea ni sharti la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300. Tukio hilo limeandikwa sana kama mgongano wa wasomi na dola, nami silipingi simulizi hilo, ila linaficha jambo moja: hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mshahara wenyewe ungekuwepo. Azimio la Musoma la 1974 lilipomtaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, nalo lilichukulia kwamba kazi ipo inamsubiri.

Kwa walimu desturi hiyo ilidumu muda mrefu kuliko kwa wengine. Hadi 2015 mhitimu wa ualimu hakuwa akiomba kazi kwa maana tunayoielewa leo. Majina yalitoka, kila mmoja akaangalia kapangiwa halmashauri ipi, akafunga mizigo akaripoti kituoni. Uhusiano wa shahada na cheki namba, yaani namba ya mtumishi katika orodha ya mishahara ya serikali, ulikuwa wa moja kwa moja, na ndio uliojenga sifa ya ualimu kama njia ya uhakika kwa mtoto wa mkulima. Tena serikali ilikuwa na haraka ya kweli. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulizaa mamia ya shule za kata, na shule zilikuwa na majengo kabla ya kuwa na walimu. Ndipo vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya takribani mwezi mmoja na leseni ya kufundisha. Wananchi wakawaita walimu wa Voda Fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu, na jina likawaganda. Mwaka 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa vikageuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE na MUCE, kazi yao kubwa ikiwa kuzalisha walimu wa sekondari wenye shahada. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifuata 2007. Baadaye, katika muhula wa pili wa Rais Kikwete, kila shule ya kata iliagizwa kujenga maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na wananchi wakachangishwa. Anayejenga maabara tatu kijijini anamwambia nini kijana wa sayansi, kama si kwamba anamhitaji?

Halafu ikaja stashahada maalumu ya Dodoma. Mwaka 2014 vijana waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha nne walichukuliwa moja kwa moja chuo kikuu, wakapewa mikopo, wasomee ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari kwa miaka mitatu. Wapo walioacha nafasi zao za kidato cha tano kwa ajili hiyo. Mwishoni mwa Mei 2016, katikati ya mgogoro wa malipo ya wahadhiri, zaidi ya wanafunzi 7,000 waliambiwa waondoke chuoni, na muda waliopewa ulikuwa wa saa tu. Baadaye wengi walipangiwa vyuo vya ualimu. Wengine wakaondolewa kwa kukosa sifa. Mjadala wa wakati ule ulijaa swali la kama vijana wale walistahili kuwa chuo kikuu. Swali hilo lina uzito wake, lakini kwa mada hii lililo zito zaidi ni lingine: kijana aliyekuwa na uelewa wote wa kazi unaoweza kupimwa kwa dodoso angefanya uamuzi gani tofauti mwaka 2014? Tangazo lilitoka serikalini, mkopo ulitoka serikalini, na mwajiri aliyetajwa alikuwa serikali hiyohiyo.

Majuma machache baadaye ajira mpya zilisitishwa nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na uhakiki wa vyeti ukafuata, ambao Aprili 2017 ulitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ajira ziliporudi, kupangiwa hakukurudi. Kulikuja mfumo wa maombi kwa mtandao wa TAMISEMI, kisha kazi hiyo ikahamia Sekretarieti ya Ajira na usaili ukaanza. Mwalimu aliyehitimu 2016 akaketi chumba kimoja cha mtihani na aliyehitimu 2023. Haishangazi kwamba mwanzoni mwa 2025 walimu wasio na ajira waliunda umoja wao na kuulalamikia usaili huo hadharani. Yaliyobadilika katika miaka hiyo tisa yalikuwa mengi, na sijaona mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alielezwa kwa utaratibu kwamba mkataba ambao kaka yake aliuingia haupo tena. Ulifutika pasipo tangazo.

Mkopo kama mshauri wa kazi

Ukiuliza kwa nini mwanafunzi alichagua ualimu wa sayansi, jibu la heshima litakuwa kwamba ualimu ni wito. Jibu la bwenini ni mkopo. Sera ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, kwa miaka mingi imewaweka walimu wa sayansi na hisabati katika makundi ya kwanza ya kipaumbele pamoja na wanafunzi wa tiba. Kwa familia ambayo haiwezi kulipa hata nauli ya kufika Mlimani, tofauti kati ya kozi yenye mkopo na kozi isiyo na mkopo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likiingia, sehemu yake hutumwa nyumbani pia.

Njia ya pili inayoleta wanafunzi ni kushindwa kwingine. Kijana wa PCB aliyeota udaktari tangu darasa la tano hukutana na sharti la angalau D katika fizikia, kemia na biolojia, na kwa kweli ushindani humtaka awe juu ya hapo sana. Akipata E ya fizikia, mfumo wa udahili humwonyesha milango iliyobaki, na ualimu wa kemia na biolojia umo. Linda Gottfredson, katika nadharia yake ya 1981, alieleza jinsi vijana wanavyopunguza orodha ya kazi wanazoziota hadi kubaki na zile wanazoona zinawezekana, kisha wakaridhia iliyo karibu. Nadharia yake inamwelezea kijana huyu vizuri, isipokuwa kwa jambo moja: hapa anayepunguza orodha ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Bodi ya Mikopo kuliko nafsi ya kijana.

Nasisitiza hili kwa sababu tafiti nyingi huchukulia kwamba uchaguzi wa kozi ulitokana na uelewa wa kazi, kisha zikaushangaa uelewa huo kuwa haba. Uelewa uliotumika ulikuwa wa masharti ya mkopo na alama za udahili, na katika mambo hayo vijana wetu ni mabingwa. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza habari za makato ya asilimia 15 ya mshahara, au za ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyoondolewa 2021, atakueleza kwa ufasaha kuliko mhasibu wa chuo. Mtu wa namna hiyo hakosi uwezo wa kuelewa soko la kazi. Amekosa maelezo ya soko hilo yaliyo wazi kama yale ya mkopo.

Shahada yenye miguu miwili

Dodoso likiuliza kuhusu kazi nyingine, wanafunzi wengi hujibu kwamba hawazifahamu, au hawazitarajii. Mtafiti huandika uelewa mdogo. Lakini tazama shahada yenyewe. Kwa miaka mitatu mwanafunzi husoma masomo mawili ya kufundishia, pamoja na saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, falsafa ya elimu na mbinu za kufundishia. Kozi zake za kemia ni chache kuliko za mwenzake wa shahada ya kemia tupu. Nafasi ya mkemia ikitangazwa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au katika shirika la viwango, au kiwanda cha saruji, tangazo kwa kawaida hutaja shahada ya kemia, na aliye na shahada ya sayansi na ualimu huchujwa kabla hajaitwa. Anayeyajua haya na kujibu kwamba hatarajii kazi ya maabara amejibu kwa uelewa, ingawa kwenye jedwali la matokeo ataonekana mjinga.

Suala hili lina historia ya kitaaluma. Mwaka 1965 Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, alishambulia imani iliyokuwa imeenea kwamba vijana wa Afrika wanatamani kazi za ofisini kwa sababu shule zimewapotosha, na kwamba mtaala wa ufundi ungewarekebisha. Foster aliwauliza wanafunzi mambo mawili kwa kuyatenganisha: ungependa kufanya kazi gani kama ungekuwa huru kuchagua, na kazi gani unadhani utaipata hasa. Majibu ya swali la kwanza yalipaa. Ya swali la pili yalikaa karibu kabisa na hali halisi. Vijana walikuwa wakiujua mshahara wa karani na wa fundi, na walikuwa wakitenda kulingana na walichokijua. Madodoso mengi ninayoyaona leo hayatenganishi maswali hayo mawili. Hudai kujua matarajio, kumbe yamekusanya ndoto.

Miaka mitano baada ya Foster, John Harris na Michael Todaro, ambao kazi yao ilitokana na hali ya Kenya, walitoa maelezo ambayo yanatufaa hata zaidi. Kwao mtu hahamii mjini kwa sababu kuna kazi ya kutosha. Huhama kwa sababu mshahara wa mjini, ukizidishwa na uwezekano wa kuupata, bado unapita kipato cha shambani. Ndiyo maana ukosefu wa ajira mjini hauzuii watu kuja. Weka cheki namba mahali pa mshahara wa mjini. Mwalimu wa serikali ana mshahara unaoingia kila mwezi, bima ya afya, pensheni, likizo, na dhamana ya kukopa benki. Mwalimu wa shule ndogo binafsi anaweza kukaa miezi mitatu bila kulipwa, akafukuzwa kwa simu. Mhitimu anayekataa kazi ya pili ili asubiri ya kwanza kwa miaka minne anaweza kuwa amekosea hesabu ya uwezekano, lakini hajakosea hesabu ya thamani. Wito wa jukwaani kwamba vijana wajiajiri haugusi hesabu hiyo hata kidogo. Mwalimu wa fizikia anajiajiri katika nini? Twisheni, kama yuko mjini, kwa watoto wa wenye fedha. Nje ya mji, bodaboda, na hapo shahada haina kazi.

Kuna wanaongoja wakiwa darasani, nao wanastahili aya yao. Katika shule nyingi za serikali hesabu au fizikia inafundishwa na mhitimu anayejitolea, analipwa posho kidogo kutokana na michango ya wazazi, na anavumilia kwa tumaini kwamba kujitolea kutamtanguliza siku ajira zikitoka. Kwenye ikama hayumo. Kwenye ratiba yumo, tena na vipindi vingi. Upungufu unabaki mkubwa katika karatasi huku makali yake yakipungua shuleni, na makali yakipungua, msukumo wa kutafuta fedha ya kumwajiri hupungua pia. Sijui namna nyingine ya kuueleza mpango huu isipokuwa kwamba kijana asiye na kipato anaifadhili serikali.

Yanayopaswa kufundishwa

Ikiwa hoja hii ni sahihi, dawa ya kitengo cha ushauri wa ajira chenye bango, kompyuta mbili na semina ya kuandika wasifu haitoshi. Semina hizo zina faida yake ndogo, hasa sasa ambapo usaili upo. Kinachokosekana ni maarifa kuhusu mwajiri. Mwanafunzi wa ualimu wa sayansi ahitimu akiwa amesoma hotuba ya bajeti ya TAMISEMI ya mwaka mmoja mzima, akiwa anaweza kutofautisha ikama iliyoidhinishwa na ikama iliyopo, akijua kibali hutoka mwezi gani na kwa nini huchelewa, akijua muundo wa utumishi wa walimu, ngazi anayoanzia na miaka inayopita kabla ya kupanda daraja. Hayo yanaingia katika kozi moja ya uongozi wa elimu, ambayo tayari ipo vyuoni na ambayo mara nyingi huishia kwenye nadharia za usimamizi za Ulaya na Marekani za mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanafunzi wetu wanamjua Frederick Taylor kuliko wanavyomjua afisa utumishi wa halmashauri.

Mazoezi ya kufundisha ni nafasi nyingine inayopotea. Kwa wiki kadhaa mwanafunzi yuko shuleni, karibu kabisa na ukweli wa kazi yake ya baadaye, na chuo kinamtaka alete maandalio ya somo na azimio la kazi tu. Hakuna anayemtuma aulize mwalimu wa fizikia pekee wa shule ile anafundisha vipindi vingapi, aliajiriwa baada ya kungoja muda gani, kwa nini nyumba ya mwalimu iko tupu, nani katika ofisi ya walimu anadaiwa mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Mkaguzi wa chuo hufika, hukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, huandika alama, huwahi basi. Tena wengi huomba shule za karibu na nyumbani au za mjini, hivyo shule watakazopangiwa, zikitokea, huziona kwa mara ya kwanza siku ya kuripoti. Ripoti moja fupi kuhusu hali ya kazi katika shule ya mazoezi, ikasomwa na kujadiliwa darasani, ingefundisha mengi kuliko siku ya ajira yenye mahema na fulana.

Upande wa mwajiri, nadhani linalodaiwa ni dogo kuliko inavyodhaniwa. Nchini Kenya ajira za walimu zina matatizo makubwa, na mgogoro wa walimu tarajali wa shule za sekondari ya chini ulifika hadi mahakamani. Hata hivyo Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko imezoea kutoa mwongozo wa alama, na miaka tangu mtu ahitimu imekuwa ikihesabika ndani yake. Mtu anaweza kuuchukia utaratibu huo na bado akajua amesimama wapi kwenye mstari. Kwetu kanuni ya mstari imebadilishwa watu wakiwa wamo mstarini. Kutangaza kila mwaka, kwa somo na kwa halmashauri, idadi ya vibali vinavyotarajiwa kwa miaka mitatu ijayo hakuhitaji fedha mpya. Kunahitaji serikali ikubali kushikwa kwa maneno yake, na labda hapo ndipo penye ugumu. Pingamizi la haki lipo: bajeti hupangwa kwa mwaka, na makisio yakikosewa yataleta malalamiko. Ni kweli. Lakini makisio ya upungufu, ambayo hutolewa bila woga wowote, yamekuwa yakikosewa kama kipimo cha ajira kwa muongo mzima, na malalamiko yamekuja vilevile.

Vyuo navyo vina maslahi yao, na si vizuri kuyafunika. Ada za wanafunzi wa ualimu ni sehemu kubwa ya mapato ya vyuo vingi, hasa vile vilivyojengwa kwa ajili yao. Mkuu wa kitivo atakayeandika katika kijitabu cha udahili kwamba wahitimu wa kemia na biolojia hungoja muda mrefu kuliko wa fizikia na hisabati atakuwa anapunguza wateja wake mwenyewe. Anaweza kufanya kitu kingine: kuilegeza shahada, ili mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetaka aongeze kozi za somo moja na atoke na sifa zinazotambuliwa nje ya darasa, kama ufundi sanifu wa maabara au uchambuzi wa takwimu. Hilo halimwondoi shuleni. Linamwezesha kungoja akiwa anakula.

Yote haya yatapimwa mapema kuliko tunavyofikiri. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 anamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule anaomaliza la saba yule aliyemtangulia. Mikupuo yote miwili inatarajiwa kuingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028. Kijana aliyeanza shahada ya sayansi na ualimu mwishoni mwa 2025 atahitimu mwaka huohuo. Upungufu utakaotangazwa bungeni Januari 2028 tunaweza kuukadiria leo kwa kalamu na karatasi, na hapana shaka utakuwa mkubwa. Makadirio ya mishahara ya mwaka wa fedha 2027/28, ambayo ndiyo yatakayoamua ni walimu wangapi wapya watawapokea wanafunzi hao, yatakuwa yamekwisha kupitishwa miezi sita kabla ya kengele ya kwanza ya muhula.